Uzi: Treni za chuma za Kiruna hadi Narvik, mzigo ukishuka unazalisha umeme

FundiTabora

Wakuu, habari za humu.

Kila ubishi wa treni ya umeme na ya dizeli ukianza humu ndani, unaishia kwenye mwendokasi: ipi inakimbia kuliko mwenzake. Leo naomba tuzungumzie treni za umeme ambazo hazikimbii. Zikiwa na mzigo zinatembea kilomita 60 kwa saa, zikiwa tupu 70. Hata hivyo ni miongoni mwa treni nzito kabisa Ulaya, na zinafanya jambo moja ambalo kila anayepanga reli ya mizigo anapaswa kulijua.

Reli yenyewe inaanzia Luleå, mji wa bandari Uswidi kwenye Ghuba ya Bothnia, inapita Boden, Gällivare na Kiruna, inavuka mpaka sehemu inayoitwa Riksgränsen, kisha inateremka hadi bandari ya Narvik, Norwe. Jumla ni kama kilomita 470. Waswidi wanaiita Malmbanan, na kipande cha Norwe, kilomita 42 hivi, kinaitwa Ofotbanen. Kiruna na Narvik zote ziko ndani ya ukanda wa Aktiki. Desemba jua halichomozi Kiruna kwa wiki kadhaa, na baridi inaweza kufika nyuzi 40 chini ya sifuri.

Kilichopeleka reli huko ni chuma. Chini ya Kiruna kuna mwamba wa magnetaiti, yaani mawe ya chuma yanayovutwa na sumaku, wenye urefu wa kilomita 4 hivi na upana wa wastani wa mita 80, unaozama ardhini kama kilomita 2. Mgodi ni wa chini ya ardhi, mkubwa kuliko migodi yote ya aina yake ya chuma duniani, na ngazi kuu ya kusafirishia mawe iko kwenye kina cha mita 1,365. Mwenye mgodi ni LKAB, kampuni ya serikali ya Uswidi iliyoanzishwa mwaka 1890.

Sasa shida ilikuwa bandari. Luleå ipo upande wa Uswidi, lakini bahari yake inaganda wakati wa baridi. Narvik iko kaskazini zaidi, ila maji yake hayagandi kwa sababu mkondo wa bahari wenye joto unatoka Atlantiki kupanda pwani ya Norwe. Kwa hiyo waliona bora kuvuka milima kuliko kusubiri barafu iyeyuke. Njia ilifika Narvik mwaka 1902, na Mfalme Oscar II akaizindua rasmi Julai 1903.

Vichwa vya treni vinavyofanya kazi hiyo leo vinaitwa IORE. Nashusha takwimu kwenye posti inayofuata.

Zawadi_K

Naweka kambi hapa.

FundiTabora

Tuendelee.

IORE ni vichwa viwili vinavyotembea kama pacha, vimeunganishwa mgongo kwa mgongo. Kila kimoja kina ekseli 6 (ekseli ni mhimili unaobeba jozi ya magurudumu), na kila ekseli ina mota yake. Kichwa kimoja kinatoa kilowati 5,400, pacha kilowati 10,800. Uzito wa kimoja ni tani 180, kwa hiyo pacha ni tani 360, urefu karibu mita 46. Vilitengenezwa na Adtranz, baadaye Bombardier, kiwandani Kassel, Ujerumani. Vya kwanza vilianza kuingia mwaka 2000, na kwa maagizo yaliyofuata idadi imefika vichwa 34, yaani pacha 17.

Nyuma yake kuna mabehewa 68. Kila behewa linabeba tani 100 za chuma, na lenyewe likiwa tupu lina uzito wa tani 20 hivi. Piga hesabu: mzigo tani 6,800, mabehewa na mzigo tani 8,160, ukiongeza kichwa unapata kama tani 8,500. Treni nzima ina urefu wa mita 750 hivi.

Kinachobebwa siyo mawe kama yanavyotoka mgodini. Kiasi kikubwa ni peleti, vidonge vidogo vya mviringo vya milimita 10 na kidogo zaidi. Mawe yanasagwa, chuma kinatenganishwa na taka kwa sumaku, unga unaviringishwa na kuchomwa mpaka ukakamae. Kiwanda cha chuma kinapenda peleti kwa sababu hewa inapita katikati yake vizuri ndani ya tanuri.

Msukuma wa Isaka

Mkuu, kilowati 10,800 ni nyingi lakini siyo za kushangaza. China wana kichwa kinaitwa Shen 24, kile cha ekseli 24, kilowati 28,800. Kwa nini IORE isifiwe hivi?

FundiTabora

Mkuu Isaka, umeuliza vizuri. Shen 24 ni ya 2020, imejengwa kwa ajili ya treni za makaa ya mawe, na kwa kilowati IORE haiigusi. Mimi siisifu IORE kwa kilowati. Angalia kitu kingine: kani ya kuanzia kuvuta. Pacha ya IORE inatoa kilonyutoni 1,200 (kilonyutoni ni kipimo cha kani) treni ikiwa imesimama.

Treni ya tani 8,500 ikiwa kwenye mwinuko wa mita 10 kwa kila mita 1,000, uzito wake unairudisha nyuma kwa kani ya kama kilonyutoni 835. Ongeza msuguano wa magurudumu na kona, unakaribia 950. Na huo ndio mwinuko mkali ambao treni yenye mzigo inakutana nao. Maana wengi wanadhani kutoka Kiruna hadi baharini ni kushuka tu. Siyo. Njia inashuka kwanza hadi ziwa Torneträsk, inatembea kandokando ya ziwa, halafu inapanda tena hadi mpakani Riksgränsen, zaidi ya mita 500 juu ya usawa wa bahari. Hapo ndipo kichwa kinapojulikana ni cha kazi au cha maonyesho.

Ikitokea treni imesimama katikati ya mlima huo usiku wa theluji, dereva lazima aweze kuiondoa tena. Kilowati hazitakusaidia kama magurudumu yanateleza. Chuma juu ya chuma kinashika kwa uzito. Ndiyo maana vichwa hivi vilitengenezwa vizito makusudi, tani 30 kwa kila ekseli. Kwa uzito wa tani 360, kupata kilonyutoni 1,200 maana yake ni kutumia karibu theluthi moja ya uzito wote kama mvuto. Kwa reli yenye unyevu hicho ni kiwango cha juu sana. Kuna mchanga unaomwagwa mbele ya magurudumu, na kuna mitambo inayogundua gurudumu likianza tu kuteleza na kupunguza nguvu papo hapo.

Injinia Mdogo

Naongezea kidogo kwa faida ya wengine. Ukichukua kilowati 10,800 ukagawa kwa kilonyutoni 950 unapata mita 11 na kitu kwa sekunde, kama kilomita 40 kwa saa. Kwa hiyo mlima wa 10 kwa 1,000 treni hiyo inaupanda kwa mwendo wa kilomita 40. Hii ni kasi nzuri tu kwa tani 8,500. Njia ni moja, treni zinapishana stesheni, ukichelewa wewe umechelewesha na anayekusubiri ng'ambo.

FundiTabora

Hapo hapo Injinia. Njia ni moja karibu yote, na ndiyo sababu walirefusha treni badala ya kuongeza idadi. Zamani treni ilikuwa na mabehewa 52, kila ekseli tani 25, jumla tani 5,200. Ili kufika mabehewa 68 na ekseli ya tani 30 ilibidi waimarishe njia na madaraja, na warefushe njia za kupishania. Kichwa kipya bila stesheni ndefu kisingewasaidia kitu.

Mtoto wa Voi

Salamu kutoka Kenya. Mimi nauliza: hizo behewa 68 zinashikana vipi? Kwetu nimeona kiungio kikikatika na treni nyepesi kuliko hiyo.

FundiTabora

Karibu ndugu. Ulaya mabehewa mengi ya mizigo bado yanaunganishwa kwa ndoano na skrubu ambayo mtu anaikaza kwa mkono. Hiyo haihimili hapa. Treni za chuma zinatumia kiunganishio cha otomatiki aina ya SA-3, muundo uliotoka Umoja wa Kisovieti. Vichwa viwili vya chuma vinagongana na kujifunga vyenyewe, na vinabeba mvuto mkubwa. Ukiwa karibu treni inapoanza kuondoka unasikia mlio unasafiri kutoka kwenye kichwa hadi mkiani, behewa baada ya behewa, mpaka la mwisho linajongea.

Zawadi_K

Kichwa cha habari kinasema mzigo ukishuka unazalisha umeme. Mbona hujafika huko?

FundiTabora

Ndiko naelekea, dada Zawadi.

Kutoka Riksgränsen hadi Narvik njia inashuka zaidi ya mita 500 ndani ya kilomita 42. Kuna sehemu mteremko unafika mita 17 kwa kila mita 1,000. Treni ya tani 8,500 iliyoko mita 520 juu ya bahari ina nishati ya kama kilowati-saa 12,000 kwa sababu tu ya pale ilipo. Nishati hiyo lazima iende mahali. Kwenye kichwa cha dizeli mota zinaweza kusaidia kufunga breki, lakini umeme wanaozalisha unapelekwa kwenye vipinga, unageuka joto na kupeperushwa na feni. Umepotea. Na breki za kawaida ni hivyo hivyo, zinageuza mwendo kuwa joto na vumbi la chuma.

IORE mota zake zikishikilia mteremko zinageuka majenereta, na umeme unarudi juu kwenye waya. Waya huo ni wa volti 15,000, mfumo wa reli za Uswidi na Norwe. Treni nyingine iliyo kwenye njia inauchukua. Kama hakuna anayeuhitaji pale, unarudi kwenye gridi na kuingia majumbani.

Sasa treni tupu inayorudi juu ni mabehewa 68 ya tani 20, pamoja na kichwa, kama tani 1,720 tu. Kuipandisha mita 520 kunahitaji kilowati-saa 2,400 hivi, ukiacha msuguano. Linganisha 12,000 na 2,400. Ndiyo maana umeme unaorudishwa na treni zinazoshuka unatosha kuzipandisha tupu hadi mpakani, na mwingine unabaki.

Bi Ludewa

Kwa hiyo ni kama ndoo mbili kwenye kapi moja ya kisima. Iliyojaa ikishuka inainua tupu.

FundiTabora

Ndivyo hasa, Bi Ludewa. Tofauti ni kwamba kamba yenyewe ni waya wa umeme, na ndoo mbili hazilazimiki kuwa mahali pamoja wala wakati mmoja.

Injinia Mdogo

Naomba niweke tahadhari moja ili watu wasiondoke na picha isiyo kamili. Siyo zile kilowati-saa 12,000 zote zinarudi. Kwenye mteremko wa 17 kwa 1,000, treni hiyo inasukumwa chini na kani ya kilonyutoni 1,400. Breki ya umeme ya vichwa peke yake haiwezi kuishikilia kwa mwendo wa kawaida, kwa hiyo dereva anachanganya na breki za upepo za mabehewa. Sehemu ya nishati inaishia kwenye breki hizo, nyingine kwenye msuguano, nyingine ndani ya mota na transfoma.

FundiTabora

Sahihi kabisa, na ndiyo kazi ya dereva. Kushuka Ofotbanen kunahitaji akili kuliko kupanda. Ukitegemea sana breki za upepo zinapata joto, na ukizitumia na kuziachia mara kwa mara upepo kwenye mabomba unapungua kabla haujajaa tena. Kadiri unavyoweza kushikilia kwa umeme ndivyo unavyobaki na breki za upepo zikiwa baridi kwa ajili ya dharura. Kwa hiyo kurudisha umeme siyo suala la bili tu. Ni usalama, na ni magurudumu yanayodumu zaidi.

Mimi naishi kaskazini ya Norwe kwa sasa, na nimewahi kusimama stesheni ya Katterat kutazama haya. Katterat iko mlimani, hakuna barabara ya gari, unafika kwa treni au kwa miguu. Treni tupu ilikuwa imesimama njia ya pembeni inasubiri. Yenye mzigo ikaja kutoka juu, polepole, taa tatu kwenye ukungu wa theluji. Nilitegemea kusikia breki zikilia. Kilichosikika ni feni za kupozea mota, mvumo mzito usiobadilika, na magurudumu yakipita juu ya maungio. Mabehewa yalichukua muda mrefu kuisha. Kwenye kingo za mabehewa barafu ilikuwa imeganda, na juu kwenye waya kulikuwa na cheche ndogo za buluu pale pantografu, mkono wa juu ya kichwa unaochukua umeme, ilipogusa umande ulioganda. Baada ya behewa la mwisho kupita, taa ya treni tupu ikabadilika nayo ikaanza kupanda.

Msukuma wa Isaka

Mkuu hapo nimekuelewa. Lakini umeme wenyewe walianza lini? Maana 1902 sidhani.

FundiTabora

Mwanzo ilikuwa mvuke. Makaa ya mawe yalilazimika kuletwa kutoka mbali, na vichwa vya mvuke kwenye milima ile na baridi ile vilikuwa mateso. Wakaamua kutumia maji. Mwaka 1910 walianza kujenga bwawa la umeme Porjus, kwenye mto Lule, porini kabisa. Kabla reli haijafika huko, wapagazi walibeba vifaa na chakula mgongoni kutoka Gällivare, kilomita 50 hivi, wakikanyaga theluji na vinamasi. Mwaka 1915 treni za umeme zikaanza kati ya Kiruna na Riksgränsen, na kufikia 1923 njia yote hadi Narvik na hadi Luleå ilikuwa na waya.

Fikirini hilo: miaka zaidi ya 100 iliyopita, reli ya kwenye barafu, iliamua kujengewa bwawa lake la umeme kwa sababu watu walipiga hesabu ya mzigo na milima.

Katikati kulikuwa na vichwa vingi, ila niliyemheshimu zaidi ni Dm3 wa ASEA, kampuni ya Uswidi. Vipande vitatu vilivyoungana, kilowati 7,200, na magurudumu yake yalikuwa yameunganishwa kwa fito kama vichwa vya mvuke. Fito hizo zilikuwa na maana: gurudumu moja haliwezi kuteleza peke yake kama limefungwa pamoja na wenzake. Zilifanya kazi hadi IORE zilipokamilika kuchukua nafasi.

Likasi Kwetu

Salamu toka Katanga. Niseme kitu kwa ndugu wa Afrika Mashariki: hadithi hiyo ya bwawa, mgodi na reli ya umeme kwetu tunaijua. Reli ya hapa, upande wa Likasi na Tenke, iliwekewa waya miaka ya 1950, volti 25,000, wakati nchi nyingi za Ulaya zilikuwa bado zinajaribu mfumo huo. Umeme ulitoka kwenye mabwawa yaliyojengwa kwa ajili ya migodi ya shaba, kama Mwadingusha kwenye mto Lufira. Leo shaba na kobalti nyingi zinatoka kwa malori, foleni ya mpakani Kasumbalesa mnaisikia. Kwa hiyo mtu asiseme umeme kwenye reli ya madini ni mambo ya wazungu wa kwenye theluji. Tulikuwa nao. Shida ni kuutunza.

FundiTabora

Asante sana ndugu wa Likasi, huu mchango nilikuwa nautamani. Kutunza ndilo neno. Hata huko kaskazini pesa yote inaishia kwenye njia. Ekseli ya tani 30 inakula reli. Baridi inakaza chuma, reli inavutika, inapasuka. Barafu inajikusanya chini ya mabehewa, ikidondoka kwa mwendo inapiga kokoto na swichi za reli.

Desemba 17, 2023 treni ya chuma iliacha reli kati ya Kiruna na mpaka. Njia iliharibika kwa kilomita 15 hivi, maelfu ya mataruma, na kazi ya kurekebisha ikafanyika gizani kwenye baridi kali. Ikafunguliwa karibu na Februari 20, 2024. Siku chache tu, Februari 24, treni nyingine ikaacha reli eneo la Vassijaure. Njia ikafungwa tena hadi Machi. Muda wote huo chuma cha Kiruna hakikuwa na njia ya kufika Narvik, na hata chakula cha watu wa kaskazini ya Norwe ambacho husafirishwa kwa treni kikalazimika kuhamia kwenye malori. Njia moja ndiyo hiyo. Ikikatika sehemu moja imekatika yote.

Zawadi_K

Na watu wa huko wanasemaje? Isije ikawa tunasifia mashine tu.

FundiTabora

Swali la maana. Eneo lote hilo ni ardhi ya Wasami, wafugaji wa paa wa theluji (reindeer). Reli inakata njia za mifugo yao, na treni ya tani 8,500 haiwezi kusimama kwa sababu kuna mnyama mbele. Wakati wa baridi mifugo inapenda kutembea kwenye reli kwa sababu theluji imesafishwa, na inauawa mingi. Wanalipwa fidia, lakini mfugaji haishi kwa fidia. Ukisikiliza Wasami wanavyoieleza reli hii, haifanani na maelezo ya kampuni.

Na mji wa Kiruna wenyewe unahamishwa. Mgodi ukichimbwa chini, ardhi ya juu inapasuka na kuzama, na mipasuko inasogea kuelekea mjini. Reli ilihamishwa mapema, mwaka 2012. Majengo yamefuata. Agosti 2025 kanisa lao la mbao la mwaka 1912, tani 672, lilipakiwa zima juu ya matrela na kusogezwa kilomita 5 kwa siku mbili, watu wamejipanga barabarani. Wapo waliolia kwa furaha kwamba limeokolewa, na wapo wasiotaka kuuangalia uwanja lilipokuwa. Hii yote ni gharama ya zile tani 6,800 kwa treni.

Mtoto wa Voi

Kaka, turudi nyumbani kidogo. Reli yetu ya SGR tangu 2017 ni dizeli. Nyinyi Tanzania mna umeme tangu 2024. Huu mchezo wa kushuka na kurudisha umeme unaweza kufanyika Dar hadi Dodoma?

FundiTabora

Ndugu wa Voi, vichwa vya umeme vya kisasa vinaweza, lakini hesabu yake ni kinyume. Narvik mzigo mzito unashuka na mabehewa matupu yanapanda. Sisi mzigo mwingi unatoka bandarini kwenda bara, kwa hiyo mzito unapanda kutoka usawa wa bahari hadi zaidi ya mita 1,100 kule Dodoma, na mwepesi ndio unashuka. Utarudisha umeme kidogo, siyo wa kupandisha treni inayofuata. Umeme bado una faida zake nyingi, ila mtu asije akachukua takwimu za Narvik akazibandika Dar es Salaam.

Mahali ambapo Narvik inafanana na sisi ni kwingine, na nadhani Bi Ludewa anajua nataka kusema nini.

Bi Ludewa

Liganga.

FundiTabora

Liganga. Chuma kiko kwenye milima ya Ludewa, makaa ya mawe ya Mchuchuma jirani yake, bahari iko Mtwara. Mpango wa reli ya Mtwara hadi Mbamba Bay yenye matawi kwenda Mchuchuma na Liganga umezungumzwa miaka mingi. Mzigo mzito ungekuwa unashuka kwenda pwani, na mabehewa matupu yangekuwa yanapanda. Ndiyo sura ile ile ya Kiruna na Narvik, bila theluji.

Kwa hiyo siku michoro ikiwekwa mezani, swali langu la kwanza halitakuwa kichwa gani kinunuliwe. Nitauliza mwinuko mkali kabisa ambao treni yenye mzigo itaupanda ni upi. Narvik waliusimamia usizidi 10 kwa 1,000 kwa upande wenye mzigo, wakaruhusu 17 upande ambao mzigo unashuka. Uamuzi huo wa wapima ardhi wa zaidi ya miaka 100 iliyopita ndio unaoiwezesha IORE kuvuta mabehewa 68 leo. Wangeruhusu 17 pande zote, kichwa hicho hicho kisingeweza kuvuka na mabehewa yote 68. Na ukishaweka tuta hubadilishi, linakaa hapo karne nzima.

Injinia Mdogo

Hili watu wa manunuzi hawapendi kulisikia, kwa sababu tuta lenye mwinuko mdogo ni ghali: makato marefu, madaraja, mahandaki. Faida yake inaonekana miaka 20 baadaye.

Bi Ludewa

Sisi tuliokulia kule tumeshaona magari ya wapimaji yakija na kuondoka tangu tukiwa shule ya msingi. Wazee wamekufa wakisubiri fidia ya mashamba. Ningependa kabla ya mwinuko, mtu aulize pia nani anaishi kwenye hilo tuta. Umetueleza habari za Wasami, nimeisoma mara mbili.

FundiTabora

Bibi, nakubaliana na wewe kabisa, na sina la kuongeza hapo. Yapimwe yote mawili kwa wakati mmoja, na wenye mashamba wawe mezani wakati mstari unachorwa, siyo baada ya kuchorwa.

Msukuma wa Isaka

Swali la mwisho kutoka kwangu mkuu. Mtu wa kawaida anaweza kupanda treni kwenye njia hiyo au ni ya chuma tu?

FundiTabora

Unaweza. Treni za abiria zinapita njia hiyo hiyo, na kuna ya usiku inayotoka Stockholm hadi Narvik. Ukitokea Kiruna kaa upande wa kulia: kwanza unaona ziwa Torneträsk, na ukishavuka mpaka unaona ghuba ya Rombaken iko chini yako huku reli ikiwa imebana kwenye ukuta wa mwamba. Treni ikisimama stesheni bila maelezo usiwe na wasiwasi. Sogea dirishani uangalie upande wa pili, mara nyingi ni treni ya chuma inapita.